Simba Wangu Mbele ya Ofisi ya Nembo

Jumatatu, 4 Machi

Wazo! Timu ya polisi imeingia fainali. Mashabiki watataka kofia zenye nembo ya polisi, yule simba aliyesimama ndani ya ngao. Nani atawauzia? Mimi, mwenye duka la kofia hapa mbele ya nyumba.

Mama watoto alikwenda kupima watoto wa watu sare za shule, cherehani akaiacha. Ni yake, alinunuliwa na mama yake, na ndiyo inayotulisha. Nimeikalia kutwa nzima. Nimevunja sindano, lakini simba ametoka mzuri mpaka nikamsalimia. Maneno ya chini ya ngao nimeyaacha. Uzi uliisha.

Mama watoto aliporudi akauliza huyu mnyama mbona ana ndevu. Nikamweleza kwamba hayo ni manyoya ya shingo ya simba. Akaenda zake jikoni. Wivu huo.

Jumanne, 5 Machi

Msiba! Jirani wa duka lililo mkabala na langu, naye ametundika kofia zenye nembo ya polisi. Tunamwita Mzee wa Pasi kwa sababu hata soksi anazipiga pasi. Kofia zake zinang'aa. Watu wamejazana mlangoni kwake. Kwangu amekuja mmoja tu, akaomba chenji.

Ameniibia wazo, mchana kweupe! Mama watoto anasema nembo ni ya polisi, si yangu wala si ya jirani, afadhali niende nikaulize kama inaruhusiwa. Kuuliza? Mimi nakwenda kushtaki.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda makao makuu ya polisi. Kumbe kuna ofisi nzima ya kulinda nembo! Nimepokelewa na mwanasheria, mama mpole mwenye miwani ya kamba. Nikamwaga malalamiko yangu yote: jirani anauza kofia zenye nembo ya polisi, tena ameniiga mimi niliyeanza.

Akauliza, nilianza nini? Nikamwekea kofia yangu mezani. Kwa fahari!

Akanieleza pole pole, kama anayemlisha mgonjwa uji. Nembo ile ni alama iliyosajiliwa. Haiwekwi kwenye bidhaa yoyote bila leseni ya ofisi yake, maana mhalifu akivaa nembo ya kuiga atagonga mlango wa mtu na atafunguliwa. Anayekiuka hunyang'anywa bidhaa pamoja na mtambo uliozitengeneza.

Akauliza nimetumia mtambo gani. Nikasema mkono. Akaigeuza kofia, akautazama mshono kwa ndani, akasema basi mkono wangu una bobini kama cherehani.

Kofia imebaki kwake. Ijumaa anakuja kukagua maduka yote mawili. Nimejipalia makaa mwenyewe, tena kwa miguu yangu, tena nimevaa shati jipya.

Alhamisi, 7 Machi

Mbinu: kuificha cherehani. Nimeifunika kitambaa cha meza pale sebuleni, juu nikaweka chombo cha maua. Safi kabisa. Nikamwambia mama watoto nimeipeleka kwa fundi. Akaenda moja kwa moja, akatoa maua, akafunua kitambaa, akanitazama.

Ikabidi niseme yote. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Aliketi, akasema taratibu kwamba sare zinatakiwa shule zikifunguliwa, na hizo sare ndizo ada ya wanetu. Kisha akasema cherehani ikichukuliwa, nitakwenda mimi kumweleza mama yake.

Hapo niliogopa kweli. Sikula.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepona! Nimepona! Ngoja nianze mwanzo.

Mwanasheria alifika na askari mmoja. Wakaanza kwa Mzee wa Pasi. Akawatolea leseni, ipo ndani ya fremu ya kioo! Aliiomba zamani, kimya kimya, timu ikiwa bado inafungwa na kila mtu. Hata karatasi ile nadhani ameipiga pasi.

Wakaja kwangu. Mama watoto alikuwa amesimama mbele ya cherehani, mikono nyuma, ameishikilia. Mwanasheria akaweka kofia yangu kando ya picha ya nembo halisi. Akatazama. Akavua miwani, akaipangusa, akatazama tena. Akamwita askari. Askari akauliza huyu mbuzi ni wa nani.

Mwanasheria akatoa uamuzi pale pale. Kwamba hakuna raia mwenye akili timamu atakayedhani hii ni nembo ya polisi. Wao wanalinda simba, na hapa anamwona mbuzi amesimama dirishani. Sina kosa. Cherehani ibaki, kofia nirudishiwe.

Nikakalia rundo la kofia. Mama watoto alicheka mpaka machozi yakamtoka, akanishika mkono mbele ya askari, jambo ambalo hajafanya tangu harusi yetu. Nilifurahi kama mtoto. Nimeapa mbele yake: nembo ya watu siigusi tena maishani.

Jumapili, 10 Machi

Amani nyumbani. Sare zimekamilika. Shemeji amekuja, akaiona kofia, akaitaka. Mwenzake naye anaitaka. Mama watoto anasema tushone mbuzi tuuze mbuzi, mbuzi huyu ni wetu, hahitaji leseni ya mtu. Kisha akaenda kumsalimia mama yake, moyo mweupe.

Ni kweli, tumeokoka. Nashukuru. Nalala usingizi mzito.

Lakini mbuzi? Mbele ya jirani? Kazi ya kutwa nzima?

Nimekwenda kwa Mzee wa Pasi, nikanunua kofia yake moja. Nimeifumua uzi kwa uzi hadi nikajua anavyopinda mkia na anavyopanga makucha. Ndiyo nimeinuka sasa hivi kwenye cherehani. Ametoka simba, simba hasa, na maneno yote chini ya ngao. Kesho asubuhi nampelekea mwanasheria ofisini kwake, aniambie machoni kama na huyu ni mbuzi.