Binti Yangu Hakuzaliwa Kufundisha Udi

Tanta, Jumapili

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Muziki,

Amani iwe juu yako na juu ya mama aliyekuzaa, maana yeye angenielewa upesi. Mimi ni Inshirah, mama yake Shahenda, yule msichana aliyepiga udi kwenye usaili wenu mpaka feni ya dari ikasita. Mmempeleka ualimu wa muziki badala ya upigaji. Fomu za kubadilisha zinafungwa Alhamisi, kwa hiyo naandika haraka, ila kwa heshima zote.

1. Mwalimu hukaa mbele ya watoto arobaini, nusu yao wanatafuna mbegu za tikiti, akisikiliza wanavyokosea. Mpigaji hukosea mwenyewe na watu wakapaza sauti kwa raha, "Allah!" Hiyo ni haki?

2. Jirani yangu Mama Wagdi, ambaye tangu mwanawe awe mhandisi hapiti ngazini bila kutukumbusha, ameniuliza: "Eti Shahenda wako atafundisha chekechea kupiga makofi?" Nilikuwa nimebeba sufuria ya moto. Mshukuruni Mungu kwa niaba yake.

3. Nasikia kisa ni vigelegele vyangu. Kweli nilipiga, mara nne tu, tena nje ya mlango. Mwalimu wenu akachungulia: "Mama, hapa si harusini." Nikamjibu, "Subiri tu, mwanangu, akimaliza patakuwa harusini." Msimwadhibu binti kwa koo la mama yake.

4. Ugonjwa umeshaanza. Tangu apate barua yenu anafundisha kila kinachopumua: watoto wa bawabu, mke wa bawabu, sasa mimi. Kila alasiri ananishika vidole hivi vilivyonenepa kwa kukunja wali ndani ya majani ya mzabibu, ananiambia, "Polepole, mama. Rudia." Mimi, niliyemfunga kamba za viatu! Wala hakasiriki. Asiyekasirika atakuwaje msanii?

5. La tano nimelisahau, lakini ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote.

Naomba ahamishwe kabla ya Alhamisi.

Nisalimie walimu wote, na yule wa mlangoni, na mama yako akiwa hai.

Wako asiyechoka kudai,
Inshirah Abdulmawgud

N.B. Bahasha nimeifungua tena. Jana nimepiga wimbo mzima bila kusimama, mimi mwenye miaka hamsini na sita, niliyeishia darasa la sita. Mama Wagdi akabisha hodi, nikajua amekuja kugombana. Akakaa. Akauliza kwa sauti ndogo kama Shahenda ana nafasi Jumanne. Fomu nimeichana, mwacheni palepale. Ila huko upigaji, kama kiti nilichomwombea kiko wazi, mnapokea mpaka umri gani?