Nusu Lami, Nusu Vumbi

Jumanne, 2 Januari 1996

Mwaka mpya, aibu mpya. Nimepitwa! Tena na nani? Na Shiundu, jirani yangu wa mlango wa pili, mtu mwenye kitambi, juu ya resa, baiskeli ya mashindano, aliyojinunulia Krismasi. Barabara ya Jogoo, saa ya watu kwenda kazini. Alinipita mkate ukiwa kwapani. Akaniuliza kama Mamba yangu siku hizi inatumia kuni au makaa.

Mamba ni baiskeli ya baba. Chuma kitupu, nyeusi, nzito kama kitanda. Aliiendesha miaka yote ya kazi yake ya reli. Alipostaafu akarudi Chwele, aliniachia hii nyumba ya Kaloleni kwa maneno machache tu. Kuhusu baiskeli alinihutubia mpaka chai ikapoa.

Jumatatu Marion wangu anaanza darasa la kwanza. Shule ileile niliyosoma mimi, huko nyuma ya Makongeni. Siku yangu ya kwanza nilipelekwa na baba, nimekaa kwenye bomba la mbele, kati ya mikono yake, kidevu chake kikinigusa utosini. Alinukia grisi na sabuni ya kipande. Kengele aliniachia mimi. Niliipiga njia nzima, wanawake wakatoka milangoni kuona kuna nini. Nilijiona mtoto wa mfalme. Nataka Marion naye awe na siku kama ile. Sitaki kitu kingine duniani.

Ila kumpita Shiundu.

Jumatano, 3 Januari

Nimeifikiria ile njia ya shule nikiwa kazini kiwandani, sabuni zikipita mbele yangu bila kupakiwa. Msimamizi alinifokea. Hajui mambo makubwa.

Njia yenyewe nusu ni lami ya Jogoo. Nusu ni vumbi kando ya reli, kokoto, mitaro ya maji machafu. Resa ya Shiundu inaruka kwenye lami, lakini ikifika kwenye vumbi anaibeba begani. Nimemwona kwa macho yangu, nikacheka peke yangu. Mamba inapita popote, ila kwa mwendo wa maziko. Kwa hivyo inatakiwa baiskeli ya kati. Ya lami na ya vumbi. Nashangaa hakuna aliyewaza hivi kabla yangu.

Annah, mke wangu, ameuliza ni nani alisema mtoto lazima afike shule mbio. Nikamwambia haelewi mambo ya baiskeli. Akasema anamwelewa mwenye baiskeli.

Alhamisi, 4 Januari

Kumbe wameshawaza! Nimetoka Gikomba, nyuma ya maseremala, kwa Nuradin, anayeuza baiskeli kuukuu kutoka ng'ambo. Alinionyesha aina tatu.

Kwanza resa. Tairi jembamba kama kidole, na unainama utadhani umeangusha kitu. Hapana. Pili ile ya milimani. Tairi nene, lina meno. Kwenye lami lilinguruma sana lakini halikwenda. Hapana. Tatu... Loo! Tairi si nene si jembamba. Usukani umenyooka, unakaa wima kama mzee wa kanisa. Gia ziko hapo kwenye kidole gumba. Nuradin akasema inaitwa haibridi. Nikasema haibridi ninayoijua ni mahindi. Akasema ni mambo yaleyale, umechanganya mbegu mbili ukapata zao zuri, na kwamba watu wa Donholm wanazigombania, wanaziendesha Jumapili kwa ajili ya afya.

Nikaijaribu. Lami, sawa. Vumbi, sawa. Kwenye maranda ya mbao, sawa! Mkokoteni ulinijia ghafla, breki zikashika papo hapo, mwenye mkokoteni akanitukana na mama yangu. Baiskeli safi kabisa. Niliona bomba lake la mbele limeshuka chini sana, karibu na pedali. Nuradin akasema ni ili mtu asisumbuke kuinua mguu. Wazungu hao!

Alitaka Mamba. Chuma kwa chuma. Nikakataa. Nikamweleza habari za baba. Nikamweleza habari za reli, na Kaloleni ya zamani, nyasi zikikatwa na baraza la jiji na maua mbele ya kila nyumba. Nuradin alisikiliza vizuri. Kisha nikajaribu gia mara moja tena.

Nimerudi na haibridi.

Ijumaa, 5 Januari

Nimempita Shiundu!!! Pale kwenye mteremko. Nilimpungia mkono. Nimefanya kazi leo kama watu wawili.

Jioni, maneno mengine. Vijana wanaokaa mbele ya ukumbi wa mtaa waliniamkia, niaje sista. Sikuelewa. Wakanieleza, tena kwa heshima, kwamba baiskeli isiyo na bomba la juu ni ya masista na akina mama. Nikawaambia ni teknolojia. Jecinta, mke wa Shiundu, naye akaja kuishika usukani, akaisifu sana, akauliza kama nimemnunulia Annah.

Hayo yote niliyavumilia. Kisha Annah akauliza swali moja, huku anachambua maharagwe. Akauliza Marion atakaa wapi.

Nikaenda kuiangalia. Nikaizunguka. Nikaizunguka tena. Mbele hakuna bomba. Nyuma hakuna keria. Baiskeli ya mtu mmoja tu, haina pa kuweka hata kuku.

Marion alikuwa mlangoni akinitazama. Amewaambia watoto wote wa mtaa kwamba Jumatatu atapiga kengele. Hata kengele niliisahau kwenye Mamba. Mimi ni mjinga. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumamosi, 6 Januari

Nimekimbilia Gikomba asubuhi kurudisha haibridi. Mamba haipo! Imeshaondoka. Nuradin akasema alikuja mtu mwenye kitambi, analalamikia mgongo, akaacha resa akachukua Mamba.

Kitambi. Mgongo. Resa. Nilijua kabla sijafika nyumbani.

Shiundu alikuwa mlangoni kwake anaipangusa Mamba ya baba kwa kitambaa cheupe. Alisimama aliponiona. Akasema binti yake Mourine naye anaanza shule Jumatatu, na resa haibebi mtoto. Akasema aliikuta pale akajua mimi mwenyewe nimeichoka. Akauliza kama amenikosea. Hakucheka hata kidogo. Afadhali angecheka!

Nikamwambia hajanikosea. Nikamwambia chuma cha aina hiyo nimewaachia watu wa zamani.

Kwa nini nilisema hivyo? Mdomo huu!

Jumapili, 7 Januari

Nina mpango. Baada ya kanisa nimetafuta ubao, nikaufunga nyuma ya kiti kwa kamba ya katani na mpira wa tairi, nikaweka mto wa kochi juu. Kiti cha Marion! Nimekijaribu kwa kumpakia mwenzake wa uzito uleule, mfuko wa mkaa. Kwenye lami ulitulia. Kwenye vumbi ulianguka, watu wa Makongeni wakaokota mkaa wetu na kushukuru.

Annah amesema jaribio limeshindwa. Mimi nasema hapana. Mkaa hauna mikono. Marion atajishikilia.

Jumatatu, 8 Januari

Siku yenyewe. Marion kapakwa mafuta, soksi nyeupe, sare imepigwa pasi mpaka inasimama. Kwenye lami tulikwenda vizuri ajabu. Alikuwa anaimba. Tukaingia njia ya reli. Mtaro wa kwanza tu, ubao ukageuka, Marion akakaa chini kwenye vumbi.

Hakuumia. Hakulia. Alijipangusa akaniambia, "Nitatembea tu, Baba." Angelia ningejua la kufanya.

Ndipo nikasikia kengele nyuma. Kengele ile naijua hata nikiwa usingizini. Shiundu, na Mourine nyuma kwenye keria. Akashuka. Hakumgusa Marion kwanza. Aliniuliza mimi kama naruhusu. Nikaitikia kwa kichwa. Marion akapanda kwenye bomba la mbele, Shiundu akamwekea kidole kwenye kengele.

Nikawafuata. Mtoto wangu amekaa palepale nilipokaa mimi, anapiga kengele, anageuka kuona kama namwona. Na mimi niko nyuma, kwenye baiskeli inayokwenda vizuri popote. Nililia. Baba, nisamehe. Nilimwambia hivyo, na yeye yuko Chwele analima.

Getini mwalimu alimshukuru Shiundu kwa kumleta binti yake mapema. Shiundu akamwambia baba yake ni yule. Mwalimu akanitazama, akaitazama baiskeli, akasema karibu sista. Hapana, alisema karibu tu. Lakini niliona.

Jumanne, 9 Januari

Miujiza! Shiundu kaja jioni akisukuma Mamba. Jecinta amemtoa jasho tangu Ijumaa. Anaitaka haibridi, ataiendesha na sketi yake akipeleka mayai kwa wateja. Shiundu akasema pia kwamba Mamba ya mzee ikae kwenye nyumba ya mzee, yeye haoni vizuri ikilala kwake.

Nilijifanya nafikiri. Annah akanikanyaga mguu. Nikakubali.

Nimemzungusha Marion mtaa mzima, kidevu changu utosini kwake. Ananukia vaselini. Kengele haikunyamaza. Wazee wanaocheza drafti mbele ya ukumbi wakainua macho, mmoja aliyefanya kazi na baba kule reli akasimama na kuvua kofia. Niliona nyasi za zamani. Niliona maua. Shiundu ni mtu mwema, na mimi nimeridhika maisha yangu yote.

Jumamosi, 13 Januari

Shiundu ni nyoka. Jecinta anapita na haibridi kila asubuhi na trei za mayai, lami, vumbi, hakuna yai hata moja limevunjika! Vijana walewale wa ukumbini wanasema ile ni baiskeli kali. Kali! Juzi ilikuwa ya sista. Nimechezewa mchana kweupe, tena niliwakaribisha na chai.

Nimepita kwa Nuradin kumsalimia. Ana baiskeli mpya kabisa machoni pangu, ndefu, viti viwili, pedali mbele na pedali nyuma. Watu wawili wanasukuma! Mimi mbele, Marion nyuma. Miguu yake haifiki, lakini mtoto hukua. Hakuna mtu Kaloleni nzima atakayetugusa.

Jioni nimemzungusha Marion tena. Ameniuliza kama akiwa mkubwa atampeleka mtoto wake shule kwa Mamba hii, akae hapa mbele na yeye apige kengele. Nimemwambia bila shaka, mama, hii haitoki kwetu.

Nuradin anakuja kuichukua kesho, Annah akiwa kanisani.