Nimemwita baba mkwe Ndimu kwenye spika

Leo nimejiaibisha mjini Muyinga, na ninawaambia mwenyewe kabla Zaina hajawaambia.

Zaina ni mchumba wangu. Baba yake, Mzee Saidi, iko na mashine ya kusaga mahindi, na foleni yake kila asubuhi ni ugomvi mtupu. Bon, mi nikajitolea kumtengenezea programu ya kuita wateja kwa spika (nani alinituma?). Mwezi ujao tunapeleka mahari, na mzee hajawahi kunichekea hata siku moja. Nilitaka tu anione mtu.

Programu niliiandika kwa C++, lugha ambayo ukigusa kitu lazima uipike upya. Juu yake nikaunganisha Python, iliyo nyepesi kubadilisha. Donc, klasi mama (klasi ni fungu la maagizo ya programu) iko kwa C++, klasi mtoto iko kwa Python: mtoto anarithi kazi ya mama, ila maneno ya kuita anaweka yake. Kwa mama niliacha sauti ya majaribio niliyorekodi mwenyewe, kwangu Magarama, Gitega, kwa utani: "Mzee Ndimu, leta gunia." (Ndimu ni yeye Mzee Saidi. Mngeona uso wake akinisalimia.) Mtoto nikampa heshima zote: "Mteja anayefuata, karibu." Jana Gitega nilimjaribu mtoto peke yake, akasema vizuri sana.

Leo nimefika Muyinga, foleni imejaa. Nikabonyeza.

"Mzee Ndimu, leta gunia."

Hakuna aliyesogea. Nikabonyeza tena.

"Mzee Ndimu, leta gunia."

Hapo ndipo nikakumbuka. Kule kwa C++ nilisahau kuandika neno moja tu, lile linalomruhusu mtoto kusema badala ya mama. Programu ikiita yenyewe, inamwendea mama moja kwa moja. Mtoto kakaa kimya na adabu zake.

"Huyo Ndimu anatuchelewesha," mama mmoja kwenye foleni akanung'unika.

Mzee Saidi akashika fimbo, akaanza kupita foleni mtu kwa mtu. "Ndimu ni nani hapa? Ni wewe? Kama ni wewe leta gunia, usiogope."

Zaina, aliyesimama kando ya mashine na analijua jina hilo, akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye pumba. Mzee akamtazama yeye, akanitazama mi, akaitazama spika.

"Sauti hii ni ya nani?"

"Ni yangu, baba."

"Na Ndimu?"

Nikatazama viatu vyangu. (Vilikuwa na unga. Ndiyo yote niliyojua wakati ule.)

"Mahari mlete," mzee akasema. "Ila siku hiyo wewe usifungue mdomo. Msemaji wenu aseme yote."

Nimerudi Gitega, neno nimeshaliandika, mtoto sasa anasema. Lakini Zaina amenipigia simu sasa hivi: wateja wa jioni wanafika wakiuliza kwa Mzee Ndimu ni wapi.

Mukicheka, chekeni polepole. Mi bado sijaoa.