Baharia wa Mwisho na Ndoo Yangu

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeacha ndoo kwenye foleni ya bomba, huyoo, hadi banda la video la Ashiru. Filamu ya vita. Daktari wa jeshi anaruka baharini, anaokoa mabaharia majeruhi, mmoja mmoja, mgongoni. Maji yote yale! Na sisi huku Newala tunakesha na ndoo. Kabaki baharia mmoja, kang'ang'ania ubao. Daktari kamwambia: nitarudi kukufuata. Maneno yaleyale ya Baba Upendo pale stendi, alipokwenda kubeba korosho bandarini Mtwara. Msimu wa pili huu. Upendo alikuwa bado tumboni.

Upendo akaangua kilio. Ashiru akasema, Mama Upendo, mtoto anayashinda mabomu kwa kelele, hebu toka. Nimetoka. Je, alirudi?

Jumanne, 7 Oktoba
Mpango! Upendo nimemshibisha uji mzito, kalala fofofo. Filamu ilipofika tena penye ubao nikakumbuka ndoo. Mbio! Jirani yangu Mama Shamsia kaisogeza mkiani mwa foleni. Eti ndoo isiyo na miguu nyuma yake ni ndoo yatima. Nimeirudisha palepale, mbele ya yake. Sikumtukana. Nina mtoto mgongoni.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimemdanganya mama mkwe, Bibi Magdalena: jino linaniuma, naomba anishikie mtoto niende hospitali. Akasema ananisindikiza. Ole wangu! Tumeishia bandani wote watatu. Akauliza kwa sauti kama mama yake huyo daktari anajua mwanawe anaoga na nguo. Watu wakavunjika mbavu. Kisha umeme ukakatika.

Njiani akauliza hali ya jino. Nikasema limepoa. Akasema jino hilo hata yeye linamuuma, maana ndiye aliyelizaa.

Nikaongeza mwendo.

Alhamisi, 9 Oktoba
Siku ya mwisho ya filamu. Bibi kambeba Upendo, tena kakaa juu ya ndoo yangu foleni nzima. Mama mkwe wa dhahabu! Daktari kageuka. Kavua viatu. Karuka...

Simu. Baba Upendo! Mabomu yanalia, sisikii. Nimetoka mbio. Kauliza kama mtoto ameota meno. Mawili, nikasema. Akasema msimu ukiisha anakuja. Ikakata.

Narudi, watu wanatoka! Mama Shamsia naye. Akasema atanisimulia mwisho nikimwachia nafasi yangu bombani kesho. Nikamwambia asahau.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimemwachia. Kachota, kajitwisha ndoo, ndipo akasema kweli alisinzia tangu penye ubao.

Nimepata nusu ndoo, tena ya matope. Nikaituliza, nikachuja. Ya uji nimeweka pembeni. Iliyobaki nimefulia lile shati la bluu la Baba Upendo. Bibi akauliza nafua nini, shati halijavaliwa. Nikasema msimu ukiisha anakuja. Akasema hata mwaka jana nilisema hivyo, nikalifua.

Kweli. Na lilitakata.