Salvatore wa Mwanza

Jumatatu, 9 Machi

Wateja wawili tu toka asubuhi. Mmoja aliomba choo. Mkataba wa duka langu la pizza huku ughaibuni unakwisha mwezi huu, na Parin, mke wangu, amekwisha sema: duka likifa tunahamia Pickering, nje ya mji, chumba cha chini ya ardhi kwa mkwe wetu Riaz. Riaz! Anayenielekeza jinsi ya kumenya kitunguu! Afadhali kaburi.

Kisha akaingia bibi mmoja wa Kitaliano, Concetta. Akanitazama, akashika kifua. Pua hii, nyusi hizi, marehemu kaka yake wa Palermo mtupu! Akauliza kama mimi ni Msisilia. Ulimi ukajibu ndiyo kabla sijaushika. Basi kaniagiza pizza ya meza ya Mtakatifu Yosefu, karamu ya kanisani kwao, tarehe 19. Wakiipenda, nitawapikia kila Jumapili. Tumeokoka!

Parin kauliza tangu lini Mwanza imekuwa Sisilia. Hana maono huyu.

Jumatano, 11 Machi

Kibao kipya: PIZZA YA SALVATORE. Nimekipaka rangi mwenyewe, na jina nimejipa mwenyewe. Fatehali wa duka la bajia, jirani, kaja kunicheka. Tumecheza gololi pamoja Makoroboi, kule Mwanza, kamasi zikitutoka, na leo anauliza kwa sauti kama marehemu baba yangu Hussain naye alikuwa Mtaliano alipokuwa akiuza vitenge. Hasidi mkubwa! Na yeye kaalikwa kupeleka chakula kwenye meza hiyo. Bajia kwa Wataliano! Watamzomea.

Parin kasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kwamba Sisilia walipita Waarabu, Wagiriki, Wanormani. Mgujarati mmoja angeshindwaje kupita? Isitoshe, mwezi uliopita nilitema mate kwenye kile kichupa cha kupima vinasaba, zawadi ya Riaz. Majibu yako njiani.

Jumamosi, 14 Machi

Majibu. Gujarati. Gujarati juu mpaka chini. Sisilia hata chembe! Nimekaa stoo, nimelia juu ya gunia la unga.

Nikatoka na macho yamevimba, nikamkuta jamaa mwenye nywele nyekundu, macho ya bluu, madoadoa usoni. Akaukosoa mchuzi wangu wa nyanya. Nikamwambia Mwairishi hawezi kutufundisha sisi Wasisilia. Kumbe ni mtoto wa Concetta! Kazaliwa Palermo, Sisilia kwenyewe. Akasema kwao utakuta weusi, weupe na wekundu tumbo moja, na pua ya mtu haikwambii lolote. Kipande chake akakiacha mezani. Ee Mola, nifiche.

Alhamisi, 19 Machi

Aibu! Nilipeleka pizza pana kama mlango, nyama ya ng'ombe juu mpaka unga hauonekani. Kumbe ni Kwaresima, na meza ya Yosefu haiwekwi nyama! Mikate, samaki, dengu, tambi zilizonyunyiziwa chenga za mkate. Concetta akauliza ni mama gani wa Kisisilia alinilea bila kunifundisha hilo. Nikajitetea kuwa kijijini kwetu ni tofauti. Kijiji gani? Nikasema Nyamagana, ya kwetu Mwanza.

Na Fatehali? Alijitambulisha kama Fatehali wa Mwanza, na mapema kabisa alipiga simu kuuliza kipi hakifai. Sinia la bajia zake limefagiliwa, hakubaki chembe. Kazi ya Jumapili kapewa yeye.

Jumamosi, 21 Machi

Navroz, mwaka wetu mpya. Wenzangu wako jamatkhana, nyumba yetu ya ibada, wanatakiana heri, mimi nafunga sufuria kwenye maboksi. Concetta alipita kuniaga; Nyamagana amekwisha jua iko wapi. Akasema ningemwambia ukweli tangu mwanzo angenipa kazi vilevile. Kuiona tu sura ya kaka yake kila Jumapili kungemtosha. Nililia mbele yake, mzee mzima.

Jioni, Pickering. Dirisha moja, na ninachoona ni magurudumu ya gari la Riaz. Akaja jirani yake, Mgiriki. Kanitazama sana, kisha akauliza natoka kisiwa gani. Parin akanikanyaga mguu kwa nguvu. Krete, nikasema.

Kafurahi huyo! Anatafuta mpishi wa Pasaka yao. Akaanza kunieleza desturi, sijui mwanakondoo wa kuchoma, nikamkatiza. Mkrete anaelezwa desturi za kwao? Mimi sirudii kosa. Nyama? Hawanipati tena! Napeleka mchicha.