Ng'ombe wa Mabawa kwa Posa ya Ngabo

Jumatatu, 5 Agosti 1991

Mama Ngabo,
Mwezi wa saba tangu uondoke. Riwaya imekwisha. Miaka kumi na miwili, madaftari tisa, mfalme wa zamani na ng'ombe wake wanaoruka. Msomaji wake ulikuwa wewe tu, nawe ulisinzia kila sura ya tatu, kidole kwenye mstari usije ukapotea. Jean-Bosco wa mtambo wa kuchapa anataka kwanza saini za watu hamsini wanaokihitaji kitabu. Mimi fundi cherehani, watu nawajua. Wasomaji, hata mmoja.

Lakini Jumapili tunakwenda kumposea Ngabo wetu. Kwa kina Shimwa, binti anayemtaka, kutajaa watu, na hakuna anayeondoka kabla ya pilau.

Jumatano, 7 Agosti

Desturi inamkataza baba kuwa msemaji wa posa. Msemaji ni kaka yangu, Rutayisire. Bahati nzuri suti yake iko kwangu, naipunguza kiuno. Leo kaja kuichukua. Nikamwambia mkanda wa cherehani umekatika. Akasema basi atavaa kanzu. Nikamkumbusha kanzu nayo iko kwangu tangu Idi. Akasema mimi si fundi, ni jela ya nguo. Nzuri hiyo. Nimeiingiza sura ya sita.

Jumapili, 11 Agosti

Rutayisire kabaki nyumbani. Nimesema mimi. Kazi yangu ilikuwa kumwomba binti kwa maneno machache na kuahidi ng'ombe wa kahawia, aliyekwisha fungwa nje. Nikaanza na sura ya kwanza. Kufika ya nne, wazee wanaangalia saa. Nikaruka hadi pale mfalme anapompa babu yetu ng'ombe mweupe mwenye mabawa, ambaye uzao wake, nikasema, tunao hadi leo. Makofi.

Ndipo msemaji wao, Mzee Nzeyimana, mwalimu mstaafu, akasimama taratibu. Akasema wamesikia, wameridhika, na wanamtaka huyo. Wa kahawia turudi naye. Watu wakacheka. Nikacheka. Yeye hakucheka. Neno la msemaji ni neno la ukoo, akasema, na Shimwa hatoki bila mabawa.

Ngabo ametembea mbele yangu njia nzima.

Jumanne, 13 Agosti

Ngabo anakula kwa Rutayisire. Shimwa ametuma salamu: baba mkwe afanye hima, yeye hataki kuzeekea kwao akingoja ng'ombe atue. Nikaenda kumweleza Nzeyimana kwamba ng'ombe yule hufa sura ya tisa. Akanipa pole. Akaomba ngozi.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimeshona mabawa. Satini nyeupe, waya ndani, vifungo vinne chini ya tumbo. Ushonaji safi. Ng'ombe wa kahawia hakuupenda. Njiani kumpeleka, karibu na msikiti, upepo ukayakunjua, akaona kivuli chake, akatimua mbio. Kaingia kwa kina Shimwa kupitia kamba ya nguo: bawa moja, shuka tatu. Nzeyimana alikuwa anakunywa chai.

Bibi yake Shimwa, Pudentienne, akacheka hadi akakaa chini. Akasema ng'ombe amefika kwa kuruka, ameona mwenyewe, apokewe. Nzeyimana akauliza, na huyu baba je? Bibi akasema binti anatolewa kwa sharti moja: baba huyu, Twahiru, asiseme tena katika harusi yoyote mpaka afe. Ngabo akakubali kabla yangu.

Jumapili, 1 Septemba

Ngabo kaoa. Kanishika mkono kwa muda mrefu. Ana vidole vyako. Rutayisire kasema, suti mwilini, dakika nne, watu wakatoa machozi. Si mbaya kwa mtu asiyesoma.

Mimi nilikaa kimya, nikazungusha karatasi ya kuwatakia maharusi heri. Saini hamsini na tatu. Ya kwanza ya Nzeyimana. Kesho naipeleka kwa Jean-Bosco.

Sharti lilitaja harusi. Matanga hakuna aliyeyataja. Kwenye matanga yako watu walikaa siku tatu kimya, na madaftari yote yalikuwa chumbani, sikuweza kuyagusa. Sasa nadhani ningeweza. Mzee Nzeyimana anakohoa siku hizi. Simwombei mabaya. Nimechagua sura tu.

Huko uliko, Mama Ngabo, unikumbuke.