Jarida la Lahani Lazaliwa Mara ya Nne

Jumapili, 3 Machi 2019

Alhamdulillahi, nimefika kazini. Lifti imekufa tena. Ghorofa nne kwa miguu, Jumana begani, mfuko wa mkate na maharage mkononi. Hakulia hata kidogo! Miezi tisa tu, na subira yake inamshinda baba yake, ambaye ni dereva huko Safaga na hupiga simu kuniuliza soksi zake ziko wapi.

Leo jarida letu la muziki limezaliwa upya. Mara ya nne. Kwanza liliitwa Lahani, miaka thelathini na minane, na hakukuwa na mpiga udi wa Kairo asiyelisoma. Kisha likaitwa Lahani na Familia, likatiwa mapishi. Wapiga udi wakaondoka, wapishi wasije. Kisha Lahani Plasi, na ukurasa wa nyota za bahati. Nyota yangu ilisema nitasafiri mbali. Nilikwenda Shubra, hapa hapa Kairo.

Sasa nakala za majaribio zimeletwa kutoka kwa mchapaji. Zina kila kitu isipokuwa jina. Juu ya jalada pameachwa pengo jeupe, kwa sababu wakubwa hawajakubaliana.

Mwenye jarida, Madamu Inshirah, mjane wa mwanzilishi, alipanda ngazi zote na fimbo yake ili atutishe ana kwa ana. Akasema Jumapili ijayo daktari wa meno anakuja kuiona ofisi. Ama tumwonyeshe yeye Madamu jarida lenye jina na watu wanaolitaka, ama daktari anakabidhiwa ufunguo.

Mimi hapa napika chai, napokea simu, nafungua barua za wasomaji. Jumana analala kwenye boksi la matoleo ya zamani, kando ya mashine ya fotokopi. Nani mwingine Kairo nzima atanipokea na mtoto? Nimeshauliza. Duka la viatu, zahanati, kiwanda cha biskuti. Wa biskuti walinipenda sana mimi. Jumana hawakumpenda.

Lakini siku saba ni nyingi. Dunia nzima iliumbwa kwa sita.

Jumatatu, 4 Machi

Vita vya jina. Mhariri wetu, Ustadhi Wagdi, mzee wa macho hafifu na kumbukumbu kali, anataka liitwe Nyuzi. Madamu anataka Lahani, kama alivyoliacha marehemu, na atakayebisha amfuate marehemu akabishane naye huko. Shihab, mpwa wa Madamu, anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, anataka Vaibu 360. Ustadhi Wagdi akauliza kwa upole kama hiyo ni dawa ya maungo.

Shihab akasema jina lake likipita, ofisi inahamia mji mpya, kwenye jengo la vioo, kila mtu na kadi yake ya mlangoni, na hakutakuwa tena na mambo ya nepi. Alilitazama boksi la Jumana aliposema nepi. Jumana akamchekea! Hana kinyongo, mtoto wangu.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka wenyewe. Nikasema Jumana alipozaliwa tuligombana siku nyingi, mama mkwe akitaka aitwe Nabawiyya kama yeye. Siku ya saba tukawasha mishumaa, kila mmoja na jina lake, na uliodumu hadi mwisho ndio uliompa mtoto jina. Jarida nalo si limezaliwa? Lifanyiwe siku yake ya saba.

Shihab akacheka hadi miwani ikamwanguka. Madamu akagonga sakafu kwa fimbo. "Miaka mitano naleta wataalamu na makompyuta yao," akasema, "na wa kwanza kusema neno la maana ni mpika chai. Mama Jumana, sherehe ni yako."

Yangu! Namshukuru Mungu. Mimi niliyeishia darasa la tisa!

Jambo moja sikuwaambia. Ule mshumaa wa Jumana niliusugua chumvi kuzunguka utambi. Ukitiwa chumvi, nta inayeyuka taratibu. Mama mkwe hajui mpaka leo.

Jumatano, 6 Machi

Mpango umekamilika. Mishumaa mitatu, sawa kwa urefu. Utepe wa kijani kwa Nyuzi, mweupe kwa Lahani, wa fedha kwa Vaibu 360. Wa kijani utapata chumvi. Si wizi. Ustadhi Wagdi akishinda tunabaki hapa hapa, na Jumana anabaki na boksi lake. Nafanya kwa ajili ya muziki pia.

Shihab kachukua mshumaa wake akaukague nyumbani. Anatushuku! Watu wengine wana roho mbaya.

Mzozo wakati wa chai: jarida ni la kike au la kiume? Maana mtoto wa kike tunampambia mtungi wa maji na wa kiume birika, na lazima ninunue kimoja. Ustadhi Wagdi akasema la kiume, limebeba majina ya mabwana wakubwa. Madamu akasema, "La kike. Limelisha wanaume wasiofanya kazi miaka arobaini." Nimenunua mtungi.

Nimewaandikia wasomaji wetu wote wanaotuma barua bado. Tanta, Zagazig, Port Said. Kadi sitini na mbili kwa mkono wangu, mistari yote imeteremka kama inakwenda sokoni, na nimemlilia mtu wa posta zifike upesi. Shihab akasema napoteza wino, watu wa barua walishakufa. Yeye ametangaza kwenye simu yake na amepata mioyo mia tisa. Nikamwuliza kama hiyo mioyo inakunywa chai, nijue kiasi cha sukari.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefunga vifuko mia vya peremende na karanga. Jumana amekula utepe mmoja, mweupe. Umetoka salama leo asubuhi. Alhamdulillahi.

Mama mkwe, Hajja Nabawiyya, akaniuliza chumvi yote ile ya nini. Nikasema ya kunyunyiza, kufukuza kijicho. Akasema kijicho gani, jarida lenyewe hakuna anayelitamani. Lakini kesho atakuja na kinu chake cha shaba, kwa sababu hakuna mwanamke Kairo anayejua kutwanga karibu na sikio la mtoto siku ya saba kama yeye. Anasema yeye mwenyewe.

Nimeusugua mshumaa wa kijani. Vijiko viwili.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika yote kwa mpangilio.

Ustadhi Wagdi alifika mapema mno, akajifungia na mishumaa dakika kumi, eti anapitia nota. Shihab akarudisha wake. Niliuona umenenepa kidogo. Nikasema labda ni macho yangu.

Alasiri ikapita. Hakuna mtu. Madamu kakaa kwenye kiti chake. Shihab anaitazama saa yake, kisha mimi, kisha saa. Nilitamani sakafu ifunguke. Nikamkumbatia Jumana nikaanza kuliaga boksi lake kimoyomoyo.

Mara, pumzi nzito kwenye ngazi. Akatokea mzee amebeba kanuni, ala pana ya nyuzi nyingi, iliyofungwa blanketi, kama mtu aliyemwokoa mgonjwa. Alipumzika kila ghorofa. Akaitoa kadi yangu mfukoni akasema kwa miaka ishirini ametuma barua, na hajawahi kuitwa. Nyuma yake mshona nguo kutoka Tanta na tari lake. Nyuma yake mapacha wawili wenye nai, zile filimbi za matete. Kisha ngazi yote! Watu sabini. Wengine walikuja na matoleo yao ya kwanza ndani ya mifuko ya nailoni, yamekunjwa kama nguo za arusi. Chai iliisha mara tatu. Shihab mwenyewe alitumwa sukari.

Tukaliweka jarida kwenye chekeche, kama awekwavyo mtoto wa siku saba arukwe na mama yake. Madamu akaliruka mara saba, na fimbo yake, akikataa kushikwa. Mama mkwe akatwanga hadi vioo vikalia, akilipigia jarida kelele kama mtoto: "Msikilize mama yako! Usimsikilize Shihab!" Watu wakaangua kicheko. Shihab akasema, "Mimi nimekukosea nini, mama?" Mama mkwe akasema hajui bado, lakini atakosea tu.

Tukawasha mishumaa.

Wa kijani ukaanza kutema cheche kama samaki kwenye mafuta. Cha! Cha! Cha! Ukazima wa kwanza. Wa kwanza! Mama mkwe akautazama, akainama akaugusa, akaramba kidole. Kisha akamtazama Jumana. Kisha akanitazama mimi.

Wa Madamu ukainama, ukafuata. Ule wa Shihab umesimama wima kama askari wa getini. Namwona Jumana kwenye jengo la vioo, nje ya mlango, bila kadi. Nikafanya nini? Nikasema, "Jamani, joto!" nikafungua dirisha.

Nilisahau kwamba huu ni Machi, mwezi wa pepo za jangwani. Upepo wa vumbi ukaingia kama mkwe mwenye hasira. Ukazima mshumaa wa Shihab, ndiyo, lakini pia ukatia mchanga kwenye chai, ukapindua mtungi, ukazibeba nakala zote za majaribio ukazitupa barabarani. Ghorofa nne chini! Nikaziona zinatua juu ya mabasi.

Meza ikabaki na moto mmoja tu. Kijishumaa changu cha kuwashia wenzake, nilichokigandisha kwenye kisahani nyuma ya birika la chai. Hakina jina. Hakina utepe. Kinawaka kwa raha zake.

Nilijua nimeliua jarida kwa mikono yangu.

Kisha yule mzee akaifungua kanuni yake. Labda aliona aibu kwa niaba yangu, Mungu amlipe. Tari likaingia, nai zikaingia, na ngazini wakaanza kutokea watu nisiowajua, kila mmoja na nakala mkononi: kondakta wa basi, muuza viazi vitamu, wasichana wawili wa chuo. Wamekuja kurudisha zilizoanguka. Hakuna aliyeondoka. Muuza viazi ana sauti, hujapata kusikia! Madamu alikuwa anafuta macho. Akasema ni vumbi.

Jumapili, 10 Machi

Sijalala vizuri. Asubuhi mama mkwe alinisogezea kopo la chumvi kwenye chai yangu akasema, "Karibu, Mama Nabawiyya." Nimelipokea jina. Nastahili.

Daktari wa meno alikuja saa nne. Alifika juu amelowa jasho, akakaa dakika kumi kabla ya kutoa salamu. Akasema hakuna mwenye jino bovu atakayepanda ngazi hizi. Madamu akamjibu asijisumbue, ofisi haipangishwi. Jana watu sabini walizipanda wakiwa na vyombo vya muziki.

Haipangishwi! Nilikwenda jikoni nikasujudu karibu na jiko la gesi.

Madamu ameamua. Jarida litatoka bila jina, na pengo lake jeupe, kwa kuwa moto uliobaki haukuwa na jina. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wasomaji waje kupiga muziki, na tuandike walichopiga, nani alikosea wapi, na nani alimsahihisha. Mapishi yaondolewe. Nyota ziondolewe.

Dhamiri ikanisumbua. Nikamwendea Ustadhi Wagdi nikakiri yote, chumvi na dirisha. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba naye aliutia mshumaa wake chumvi, vijiko vitatu. Ndiyo maana ulikufa! Tuliusaidia mno. Shihab alikuwa anasikiliza mlangoni. Akasema bora sisi, yeye alikwenda kwa muuza mishumaa ya kanisani akanunua mnene wa kufanana, akauhamishia utepe.

Tulitazamana wote watatu. Kisha tukacheka hadi Madamu akagonga ukuta.

Shihab sasa anasema jarida lisilo na jina ndiyo usasa wenyewe na alikuwa anakaribia kulipendekeza. Atachukua video za Jumamosi. Nikampa Jumana amshike nikiosha vikombe. Dakika mbili tu. Jumana akamtapikia kwenye shati. Akasema, "Haidhuru, dada, ni mtoto." Niliona hana ubaya, yule kijana. Ni ile miwani.

Nawashukuru wote, mmoja mmoja. Nimeapa: hila, basi. Mtu aliyepata rehema kama hii haibi tena hata punje ya chumvi.

Jumanne, 12 Machi

Kumbe pengo jeupe limewachokoza wasomaji. Simu haikati, kila mtu analo jina. Madamu amesema sawa, yaandikwe kwenye vikaratasi, yatiwe kwenye chekeche, na Jumamosi ya kwanza ya Aprili tupige kura. Atakayechomoa ni Jumana, kwa sababu mtoto wa miezi tisa hawezi kupangiwa njama.

Ni kweli, hawezi. Na mimi nimeshaapa. Ila na mimi pia nilikuwa na jina moja zuri tangu mwanzo na hakuna aliyeniuliza. Silitaji hapa, daftari huweza kusomwa. Kikaratasi kimoja ni haki yangu kama msomaji yeyote. Basi nimeandika karatasi arobaini, kwa mkono wa kushoto, zionekane zimetoka mikoa mbalimbali.

Nimezipaka asali ya miwa kidogo tu, ili mtoto avutiwe nazo. Kwa nia njema. Jioni hii tumefanya mazoezi. Jumana akazipita karatasi za wasomaji wengine zote, akachomoa yangu! Mara tatu mfululizo! Akili gani hii, mwanangu!

Zote tatu amezila.

Zimebaki thelathini na saba. Alhamdulillahi, zinatosha.